Pikipiki Zinamtafuta Nani?

Kila mwisho wa Mei, video zilezile hurudi kwenye simu zetu. Barabara pana ya Washington, na pikipiki nyingi kuliko jicho linavyoweza kuhesabu. Wengi wa waendeshaji ni wazee: ndevu nyeupe, vizibao vya ngozi vilivyojaa beji, bendera nyeusi zikipepea nyuma ya viti. Na swali ninaloulizwa kila mara ni hili: hawa watu wanaandamana, au wanazika?

Anayeuliza hivyo ana haki. Kwetu, msafara mrefu wa pikipiki una maana mbili tu: siasa au msiba. Bodaboda akifa, wenzake wa kijiweni hufunga barabara, hupiga honi na resi mpaka makaburini. Mlio ule ukikukuta sokoni, huna haja ya kuuliza. Basi itazame tena video ya Washington, umtafute anayezikwa. Hakuna jeneza. Hakuna gari la maiti mbele. Huu ni msafara wa mazishi uliokosa maiti, na kwa kuwa uliikosa, hauna budi kurudiwa mwakani.

Aliyepotea si aliyekufa

Tuanze na herufi zilizo kwenye bendera zile nyeusi: POW na MIA. POW ni mateka wa vita, yaani askari aliyekamatwa na adui akiwa hai. MIA ni askari aliyetoweka vitani: hakurudi kambini, maiti yake haikuonekana, na adui hajasema kama anaye au hana.

Mateka ana sheria ya kumlinda, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949. Aliyemkamata anatakiwa amlishe, amtibu, amruhusu kuandika barua nyumbani na apeleke taarifa kwamba anaye. Mateka mwenyewe akihojiwa, analazimika kutaja mambo manne tu: jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi. Ukiitazama vizuri, sheria yote ile inazunguka jina. Jina likifika nyumbani, mke anajua ajipange vipi.

Familia ya aliyetoweka haipati hata hilo. Wanazuoni wa Kiislamu wana neno kwa mtu wa namna hii, mafqud, na vitabu vya fikihi vina mjadala mrefu juu yake: mke angoje miaka mingapi, mirathi igawanywe lini. Sheria ya Kenya inasema mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao kwa kawaida wangepata habari zake huchukuliwa kuwa amekufa. Sawa, lakini hakimu hawezi kuanua matanga. Fikiria mama wa pwani ambaye mwanawe alitoka na dau kwenda kuvua, dau likaokotwa tupu. Akisoma hitima, ni kama amemwacha. Asiposoma, amemnyima haki yake. Hana upande wa kulalia.

Vita vya Vietnam vilizaa familia nyingi za aina hiyo, na sababu mojawapo ni jinsi vilivyopiganwa. Wengi wa Wamarekani waliotoweka walikuwa watu wa ndege. Ndege ikidunguliwa juu ya milima ya Laos, rubani aliyekuwa akiruka pembeni aliona moshi, labda na parachuti, labda hakuona kitu. Kisha mawingu yakafunga. Ripoti ikaandikwa kwa neno moja, na neno hilo ndilo alilopelekewa mke.

Wanawake waliochoka kunyamaza

Misafara ya pikipiki ilianza mwaka 1988. Mizizi yake lakini ni ya wanawake, jambo ambalo husahaulika kwa sababu kizibao cha ngozi kinapendeza zaidi kwenye picha kuliko bibi mwenye bahasha ya barua.

Katikati ya miaka ya 1960, serikali ya Marekani iliwashauri wake za mateka wakae kimya. Ilidai kelele zitawaponza waume zao. Sybil Stockdale alitii kwa muda. Mumewe, rubani James Stockdale, alidunguliwa Septemba 1965 na kufungwa Hanoi. Sybil alipoona kimya hakimsaidii mtu yeyote isipokuwa wakubwa wa ofisini, alianza kuwakusanya wanawake wenzake waliokuwa kwenye hali ileile. Mei 1970 umoja wao ukasajiliwa kuwa jumuiya ya kitaifa ya familia za mateka na waliotoweka Asia ya Kusini-Mashariki.

Mwaka huohuo wanafunzi wa California walianzisha bangili. Ilikuwa bangili ya chuma, imechorwa jina la mtu mmoja, cheo chake na tarehe aliyopotea, na iliuzwa dola 2.50. Sharti lake: usiivue mpaka mwenye jina arudi, au ijulikane kilichompata. Karibu bangili milioni 5 zilitoka kabla ya mpango kufungwa mwaka 1976. Fikiria msichana wa shule anayeoga, anayelala na kufanya mitihani akiwa na jina la mwanamume asiyemjua mkononi. Hakuna tangazo la serikali lingeweza kuwafanya watu wabebe mzigo wa jirani namna hiyo.

Bendera nayo aliidai mwanamke. Mary Hoff, mke wa rubani Michael Hoff aliyepotea Laos Januari 1970, aliona familia hizi zinahitaji alama yao. Kampuni ya bendera ya Annin ilikubali, na kazi ikapewa Newt Heisley, msanii aliyewahi kurusha ndege katika Vita Kuu ya Pili. Alichora kichwa cha mwanamume aliyeinama, nyuma yake mnara wa mlinzi, mbele yake seng'enge. Uso ule uliokonda aliuchukua kwa mwanawe Jeffrey, kijana aliyekuwa amerudi kutoka mafunzo ya jeshi akiwa amedhoofishwa na homa ya ini. Kwa hiyo mateka anayejulikana kuliko wote Marekani hakuwahi kutekwa. Alikuwa mgonjwa nyumbani kwa baba yake.

Bendera hiyo ilipandishwa juu ya Ikulu ya White House mwaka 1982. Sheria ya 1997 ikaagiza ipeperushwe kwenye majengo maalumu ya serikali siku 6 kwa mwaka, na sheria ya Novemba 2019 ikaongeza: kila siku bendera ya taifa inapopandishwa.

> Kwa ufupi hadi hapa: Mateka ana jina mikononi mwa adui, aliyetoweka hana hata hilo. Wake na mama ndio waliokataa kunyamaza kwanza. Bangili na bendera zilitangulia pikipiki kwa zaidi ya miaka 15.

Rambo, mgahawa na radi

Kati ya Februari na Aprili 1973, baada ya mkataba wa amani wa Paris, mateka 591 wa Kimarekani walirudishwa nyumbani. Ndege zilitua, televisheni zikaonyesha watoto wakikimbilia baba zao. Zaidi ya watu 2,500 hawakuwemo. Karibu nusu yao ilijulikana wamekufa, ila miili haikupatikana. Wengine hakuna aliyejua.

Hapo ndipo uvumi ulipopata shamba. Wakimbizi kutoka Indochina walisema wameona wazungu msituni. Wengine waliuza mifupa na vitambulisho vya bandia. Na Hollywood ikaona biashara. Msomaji aliyewahi kukaa kwenye banda la video, akitazama sehemu ya pili ya Rambo ya mwaka 1985 huku mtafsiri akipasua koo, anaikumbuka hadithi: Rambo anarudi Vietnam, anawakuta mateka hai kwenye vizimba, wakubwa wa Washington wanamsaliti. Sisi tulishangilia mishale yenye baruti. Kwa Mmarekani mwenye ndugu aliyepotea, ile haikuwa sinema ya ngumi. Ilikuwa inasema kwa sauti kitu alichokuwa akikishuku kwa miaka 12.

Wazo la msafara lilizaliwa mwaka 1987 kwenye mgahawa mdogo mjini Somerville, New Jersey, na waandaaji wake walikuwa askari wa zamani wanne: Ray Manzo, Artie Muller, Walt Sides na John Holland. Walikuwa na hakika kwamba wenzao wameachwa nyuma. Wakaamua kuita watu wenye pikipiki waende Washington wikendi ya Memorial Day, siku Wamarekani wanapowakumbuka waliokufa vitani, ambayo huwa Jumatatu ya mwisho ya Mei. Mwaka 1988 zilifika pikipiki kama 2,500. Zilipovuka daraja la Arlington juu ya mto Potomac, mngurumo ukafanana na radi inayoviringika, kama jina lenyewe linavyosema: Rolling Thunder.

Jina hilo lina jingine ndani yake. Rolling Thunder ilikuwa pia operesheni ya kuishambulia Vietnam Kaskazini kwa mabomu, kuanzia Machi 1965 hadi Novemba 1968. Ni katika mashambulizi hayo ndipo marubani wengi walipodunguliwa, James Stockdale akiwemo. Msafara wa kuwadai mateka ukachukua jina la operesheni iliyowapeleka utumwani. Sijui kama kuna familia ya Kiswahili ingeupa msiba wake jina la shoka lililokata mti.

Lakini kwa nini pikipiki, si matembezi ya mishumaa? Pikipiki ilikuwa tayari mikononi mwao. Baada ya Vita Kuu ya Pili, vijana waliorudi walinunua pikipiki za jeshi zilizouzwa kwa bei ya kutupa, wakaunda vilabu, na waliotoka Vietnam wakavikuta na kuingia. Kilabu cha pikipiki kwa watu hawa ni kijiwe hasa: mahali pa kukaa na mtu asiyekuuliza kwa nini hulali usiku. Wengi wao walirudi bila kupokewa na ngoma wala shukrani, kwa kuwa nchi ilikuwa imeichoka vita ile. Na kuna suala la kelele lenyewe. Ukiandamana kwa miguu, mkubwa hufunga dirisha. Ukija na injini 2,500, dirisha linatetema.

Siku ya msafara

Kwa miongo mitatu utaratibu ulikuwa karibu uleule. Jumapili asubuhi, pikipiki zilijazana kwenye maegesho ya Pentagon, makao makuu ya wizara ya ulinzi. Mchana zilianza kutoka kwa safu, zikavuka daraja, zikapita karibu na mnara wa Lincoln na ukuta wa kumbukumbu ya vita vya Vietnam. Katika miaka ya baadaye waandaaji walihesabu mamia ya maelfu ya watu, na wa mwisho kwenye foleni walikuwa wakiondoka saa kadhaa baada ya wa kwanza. Tangu 2002, sajini mmoja wa zamani wa kikosi cha Marine amekuwa akisimama katikati ya barabara na sare yake kamili, ameinua mkono wa saluti, pikipiki zikimpita kulia na kushoto. Saa nzima, kisha nyingine. Mkono haushuki.

Wengine huanzia mbali zaidi. Tangu 1989, msafara uitwao Run for the Wall hutoka California katikati ya Mei na kuivuka nchi nzima kwa siku zipatazo 10. Kwenye madaraja ya juu ya barabara kuu, watu wa miji midogo husimama na bendera kuwapungia.

Katika misafara hii kuna jambo moja dogo ambalo mtazamaji wa video hulikosa. Waendeshaji hukaa wawiliwawili, lakini mbele ya kundi huachwa nafasi tupu, upana wa pikipiki moja kamili. Wameiazima desturi hii kwa marubani, ambao huruka kwenye maziko wakiacha pengo katika safu ya ndege. Kuliacha pengo lile angani ni kazi ya sekunde chache. Kulilinda kwenye barabara kuu, mbele ya kundi zima, siku baada ya siku, upepo wa malori ukikusukuma uingie, hiyo ni ibada.

Alama tatu kwenye jiwe jeusi

Safari zote hizi huishia kwenye ukuta huo wa kumbukumbu, ulioundwa na Maya Lin, aliyeshinda shindano la mchoro akiwa mwanafunzi wa miaka 21. Ulizinduliwa Novemba 1982. Ni mawe meusi ya matale kutoka India, yanang'aa hata unajiona mwenyewe juu ya majina, na majina ni zaidi ya 58,000, yamepangwa kwa tarehe ya kufa au kupotea. Kando ya kila jina kuna alama:

- Almasi: kifo kimethibitishwa.
- Msalaba mdogo: alikuwa ametoweka au hajulikani alipo vita vilipokwisha.
- Msalaba uliozungushiwa duara: alirudi akiwa hai.

Mabaki ya mtu mwenye msalaba yakipatikana na kutambuliwa, fundi huchonga almasi juu ya msalaba ule. Duara limewekwa kwenye kanuni za ukuta tangu mwanzo.

Je, walikuwepo waliobaki hai?

Hili ndilo swali lililowasha injini za kwanza, na si haki kulikwepa. Mwaka 1991 Seneti ya Marekani iliunda kamati maalumu, mwenyekiti akiwa John Kerry, askari wa zamani wa Vietnam. Miongoni mwa wajumbe alikuwemo John McCain, ambaye mwenyewe alikaa kifungoni Vietnam Kaskazini miaka mitano na nusu. Walifungua majalada na kuhoji mashahidi. Ripoti yao ya Januari 1993 ilisema hakuna ushahidi wa kuridhisha kwamba kuna Mmarekani yeyote aliyebaki hai kifungoni katika eneo lile. Ilikiri pia kwamba upo ushahidi kwamba huenda wachache walibaki nyuma wakati wenzao wanarudishwa mwaka 1973.

Wanaharakati wengine waliiita kamati ile ya wasaliti, na McCain walimtukana hadharani, yeye aliyevunjika mikono huko. Mimi naona kamati ilikuwa na haki. Lakini sioni kwamba wapanda pikipiki walipiga kelele bure. Walimtafuta mtu hai, hawakumpata. Serikali, ili kuwatuliza, ililazimika kujifunza kuwatafuta wafu. Na kazi hiyo ikageuka kuwa kubwa.

Leo Marekani ina idara maalumu ya kutafuta na kutambua waliotoweka, na maabara yake kuu iko Hawaii. Timu hupanda milima ya Laos na Vietnam pamoja na wanakijiji wa kuajiriwa, huchimba shimo ndege ilipoangukia na kuuchekecha udongo ndoo kwa ndoo, wakitafuta jino, kifungo, kipande cha mfupa. Katika maabara, vinasaba vya mfupa hulinganishwa na vya ndugu. Hutumika hasa vile ambavyo mtu hurithi kwa mama yake tu, kwa kuwa vinadumu zaidi kwenye mfupa mzee. Ndiyo sababu shangazi, dada wa baba, hafai kutoa mate kwa ajili ya mpimaji, lakini mtoto wa dada anafaa.

Zaidi ya watu 1,000 wa vita vya Vietnam wamepatikana na kutambuliwa tangu 1973. Wanaobaki ni chini ya 1,600. Ukijumlisha vita vyote tangu Vita Kuu ya Pili, wasiojulikana walipo ni zaidi ya 80,000, na nusu yao hivi wanadhaniwa wamelala chini ya bahari.

Askari asiyejulikana aliyejulikana

Kisa kimoja kinaeleza kwa nini familia haziamini neno la ofisi. Mei 1972, Luteni Michael Blassie, miaka 24, alidunguliwa karibu na An Loc. Miezi mitano baadaye doria ya Vietnam Kusini iliokota mifupa sita, vipande vya parachuti na pochi yenye kitambulisho chake. Kitambulisho kikapotea njiani. Mwaka 1980 wataalamu waliona vipimo vya mifupa havilingani na kimo chake wala aina ya damu, wakaliondoa jina lake na kuweka namba.

Mwaka 1984 nchi ilitaka askari asiyejulikana wa Vietnam ili azikwe Arlington kwa heshima zote. Mifupa ile ikachaguliwa. Rais Ronald Reagan alihutubia, mizinga ikalia, na kwa miaka 14 walinzi walipiga hatua zao mbele ya kaburi lile. Mwaka 1994 mwanaharakati Ted Sampley aliandika kwamba aliyelala pale ni Blassie. Televisheni ilipolifuatilia, mama yake na ndugu zake wakadai kaburi lifunguliwe. Lilifunguliwa Mei 1998, na vinasaba vya upande wa mama vikatoa jibu mwezi uliofuata. Blassie alizikwa upya St. Louis. Kaburi la Arlington likaachwa tupu, na liko tupu mpaka leo.

Wengine wasio na msafara

Vietnam yenyewe inakadiriwa kuwa na watu 200,000 hadi 300,000 waliotoweka katika vita vilevile. Katika imani ya wengi huko, aliyekufa bila kuzikwa na ndugu zake huwa roho inayotangatanga, haina pa kula wala pa kupumzika. Mama wa Hanoi na Mary Hoff wangeelewana bila mkalimani.

Na sisi? Jina la soko la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wapagazi wa Afrika Mashariki walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa maradhi na njaa zaidi ya risasi, na wengi hawakuandikwa popote. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri na kuomba radhi kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa kwa majina kama Wazungu. Hapa hakuna hata msalaba mdogo wa kugeuza almasi. Hatuna jina la kuchonga. Tunanunua nyanya kwenye jina la kikosi.

Baada ya 2019

Rolling Thunder ilifanya msafara wake mkuu wa mwisho Washington Mei 2019, ukiwa wa 32. Waandaaji walilalamikia gharama na masharti ya maegesho ya Pentagon. Umoja wa askari wa zamani wa AMVETS uliupokea na kuupa jina jipya, Rolling to Remember. Mwaka 2021 Pentagon ilipokataa kutoa maegesho, walianzia kwenye uwanja wa michezo wa RFK. Waliokuwa vijana Vietnam sasa wamepita miaka 70, na baadhi wameongeza gurudumu la tatu kwa sababu ya magoti.

Majira ya kuchipua, kabla pikipiki hazijafika, fundi huenda kwenye ukuta na zana zake kuchonga mabadiliko ya mwaka. Misalaba michache hugeuzwa almasi. Duara halijawahi kuchongwa.